Gauni la Siku Moja, Kucha za Wiki Tatu

Ninayo picha moja ambayo nimekataa kuifuta, ingawa kila ninapoiona huniuma kidogo. Nimesimama nikiwa nimevaa gauni la kijani cha chupa, la satini iliyolala vizuri kiunoni, lenye mikono mirefu inayoishia juu kidogo ya kifundo. Viatu vimekubali, nywele zimetulia, na hereni nilizitafuta kwa wiki nzima. Nimeshika glasi kwa mkono wa kulia na kuiinua karibu na kifua, na hapo hapo, katikati kabisa ya picha, kimekaa kidole cha shahada ambacho rangi yake nyekundu imebanduka kwenye ncha na kuacha kipande cha ukucha mtupu chenye umbo la hilali. Mdogo wangu alipooneshwa picha hiyo hakusema lolote kuhusu gauni. Aliikuza kwa vidole viwili mpaka mkono wangu ukajaa kioo cha simu, kisha akaniuliza kwa upole: "Dada, kwani hukupata muda?"

Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Muda nilikuwa nao. Gauni lile nililishona mwenyewe, pindo lake nililitia kwa mkono kwa sababu cherehani huikunja satini, na kazi hiyo peke yake ilinichukua jioni mbili. Hata hivyo, ukucha mmoja ulitosha kumfanya mtu anayenijua tangu utotoni aamini kwamba nilivaa mbiombio. Tangu siku hiyo nimeacha kuziona kucha kama pambo la kuongezea vazi, mithili ya mkufu au bangili. Nadhani kazi yake ni nyingine: humwambia mtazamaji kama vazi lote lilikusudiwa au lilitokea tu, na neno lake huaminiwa kuliko neno la kitambaa.

Kwa nini kitu kidogo namna hiyo kiwe na nguvu kiasi hicho? Ukijumlisha eneo la kucha zote kumi za mikono, halifiki hata ukubwa wa kola ya shati. Lakini kola imetulia, ilhali mkono hautulii. Mkono hupunga, hufunga kifungo, hutafuta ufunguo ndani ya mkoba, husogeza nywele nyuma ya sikio, hunyoosha mkunjo wa sketi, na jicho la binadamu hufuata kinachosogea. Zaidi ya hayo, mavazi huyatazama mtu kutoka umbali tofauti na ule anaoongelea. Akiwa mbali huona umbo, urefu na rangi. Akishakaa nawe mezani, pindo la gauni na viatu vimekwisha kupotea chini, na kinachobaki mbele yake ni uso, kifua na mikono miwili juu ya meza. Kwa saa zote mbili za mazungumzo, vidole ndivyo vinavyoliwakilisha vazi lote.

Picha za siku hizi zimeongeza jambo hilo maradufu. Mtu anayejipiga picha mbele ya kioo ili aoneshe alivyovaa huinua simu mpaka usawa wa kifua au uso, na mara nyingi simu huufunika uso wenyewe. Matokeo yake ni kwamba mahali ambapo mtazamaji angetafuta macho na tabasamu anakuta vidole vinne vimeizunguka simu. Kucha zimekaa mahali pa uso! Sishangai kwamba kizazi kilichozoea kujitazama hivyo kimezifanya kucha kuwa suala zito.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliandika mwaka 1920 kuhusu kosa alilolikuta katika namna maofisa wa jeshi walivyowapima askari walio chini yao. Ofisa aliyempa askari alama za juu kwa umbo na unadhifu wa mwili alielekea kumpa pia alama za juu kwa akili, uongozi na tabia, kana kwamba sifa moja ilimwagikia nyingine zote. Wanasaikolojia tangu hapo wameendelea kulichunguza kosa hilo, na sioni sababu ya kudhani kwamba sisi tunaotazamana mavazi tumeepukana nalo. Kwa kucha, ninavyoona mimi, linafanya kazi kwa kuegemea upande mmoja. Kucha nzuri hazijawahi kuliokoa gauni lililokatwa vibaya, lakini kucha zilizochakaa huishusha hadhi ya gauni zuri papo hapo. Mtazamaji hajui kushona na hawezi kuuona ubora wa mshono wa ndani, kwa hiyo hutafuta ushahidi mahali anapopafahamu, na ukucha kila mtu anao.

Wabunifu walilijua hilo mapema. Katika mkusanyo wa majira ya baridi ya 1936-37, Elsa Schiaparelli alitoa glavu nyeusi za suede, yaani ngozi laini iliyosuguliwa, zilizoshonewa kucha nyekundu za ngozi ya nyoka juu ya kila kidole. Glavu kwa kawaida huuficha ukucha. Yeye aliurudisha nje, ukawa sehemu ya nguo yenyewe. Mimi huliona vazi hilo kama utani wenye ukweli ndani yake, kwani linakiri kwamba mkono uliofunikwa ukakosa kucha ni mkono uliokosa kauli.

Biashara nayo haikuchelewa kuligeuza jambo hilo kuwa kanuni. Kampuni ya Revlon ilianzishwa mwaka 1932 ikiwa na bidhaa moja tu, rangi ya kucha nzito isiyopitisha mwanga, na kufikia miaka ya 1940 ilikuwa ikiwahimiza wanawake walinganishe midomo na ncha za vidole kwa rangi ile ile. Kanuni ilikuwa rahisi, na ilimuuzia mteja vitu viwili mahali ambapo angenunua kimoja. Kulinganisha kumedumu tangu hapo: midomo na kucha, kucha na mkoba, mkoba na viatu. Mwaka 1995 mwanafunzi mmoja wa Los Angeles, Dineh Mohajer, alichanganya mwenyewe rangi ya samawati iliyofifia ili kucha zake zifanane na viatu vyake vya wazi, na kutokana na chupa hizo za nyumbani ikazaliwa kampuni ya Hard Candy. Kwa mtu anayeamini katika kulinganisha, hicho ni kisa cha kutia moyo. Mimi nakipenda kwa sababu tofauti. Samawati haikuwa rangi iliyozoeleka kwenye kucha wakati huo, kwa hiyo hata ilipolingana na viatu, bado ilishangaza, na mshangao ndio uliowafanya watu waulize.

Mwaka mmoja kabla yake, 1994, kampuni ya mitindo ya Chanel ilikuwa imetoa rangi ya kucha iliyo karibu na nyeusi lakini yenye wekundu uliojificha ndani, iliyoitwa Rouge Noir nchini Ufaransa na Vamp nchini Marekani. Kiswahili kilikuwa na jina lake tangu zamani: damu ya mzee. Rangi hiyo haikulingana na kitu chochote, na huo ndio ulikuwa uzuri wake. Nguo nyeupe ikiwa na kucha za damu ya mzee haionekani tena kama nguo ya mtu mpole. Suruali ya kawaida na blauzi ya pamba hupata ukali fulani ambao kitambaa chenyewe hakina. Rangi inayopingana na vazi humwonesha mtazamaji kwamba mvaaji alichagua mara mbili, kwanza nguo, kisha jibu la nguo hiyo. Rangi inayofanana na vazi humwonesha kwamba alichagua mara moja na kurudia. Sisemi kwamba kurudia ni kosa, ila ninapowatazama watu ninaowaona wamevaa vizuri, ni nadra kukuta kucha zimenakili rangi ya nguo.

Nami nimewahi kunakili, na nikaadhibiwa. Nilikuwa na sketi ya rangi ya zambarau iliyoelekea kwenye kijivu, nikabeba kipande cha kitambaa chake hadi dukani, nikakiweka kando ya chupa moja baada ya nyingine chini ya taa nyeupe za dari, mpaka nikapata iliyofanana nayo kabisa. Asubuhi yake nilipotoka nje, sketi ilikuwa ya zambarau na kucha zilikuwa za kahawia. Sikuwa nimeona vibaya. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa kemikali tofauti zinaweza kuakisi mwanga kwa namna inayofanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, na rangi ya kitambaa na rangi ya chupa ni nadra kutengenezwa kwa kitu kimoja. Mbaya zaidi, kukaribiana bila kufikiana huonekana kama kushindwa. Kucha nyekundu kwenye sketi ya zambarau zingeonekana ni uamuzi. Kucha zilizokusudia kuwa zambarau zikakosea kidogo zilionekana ni bahati mbaya.

Hata kama taa haibadiliki, majirani wa rangi huibadilisha. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa kazi ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris, na kati ya malalamiko aliyopaswa kuyashughulikia mojawapo lilikuwa kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Alipochunguza aligundua kwamba rangi nyeusi haikuwa na kasoro. Ilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha matokeo ya utafiti wake kuhusu jinsi rangi mbili zinazopakana zinavyosukumana mbele ya jicho. Ukitaka kuona jambo hilo bila maabara, paka kucha rangi moja ya waridi iliyofifia, kisha weka mkono juu ya kitambaa cheusi, halafu juu ya chekundu, halafu juu ya kijani. Juu ya cheusi kucha zitang'aa kama zimewashwa, juu ya chekundu zitapauka na kuelekea kijivu, na juu ya kijani zitakuwa za waridi kuliko zilivyo kwenye chupa.

Jirani wa karibu zaidi wa ukucha, lakini, ni ngozi ya kidole. Watu wengi huchagua rangi kwa kuiangalia kwenye chupa au kwenye kucha za mtu mwingine, ilhali ukucha umezungukwa na ngozi ya mwenyewe pande tatu. Rangi nyeupe ya maziwa kwenye ngozi nyeusi hujitokeza kwa nguvu na kufanya hata nguo tulivu ionekane ya kisasa. Rangi hiyo hiyo kwenye ngozi nyeupe karibu haionekani. Ndiyo maana rangi zinazouzwa kwa jina la rangi ya mwili zimewaudhi watu wengi, kwa sababu mwili uliofikiriwa ulikuwa mmoja. Anayetaka kucha zinazoonekana kama hazijapakwa kitu lazima atafute kahawia au waridi inayokaribiana na ngozi yake mwenyewe, na akiipata, mikono huonekana mirefu na vazi lote hutulia.

Umbo na urefu ni habari nyingine, na hapa ndipo ushonaji ulinifundisha kitu. Kila vazi lina kipimo chake cha ndani: upana wa kola, ukubwa wa vifungo, urefu wa mkono, uzito wa kitambaa. Ukucha nao ni mstari unaoingia katika hesabu hiyo. Kucha ndefu za umbo la lozi huendeleza mstari wa mkono mwembamba uliobana, kama kwamba mkono wa nguo umeamua kwenda mbele zaidi kuliko kifundo. Kucha za umbo la jeneza, zilizonyooka pande zote mbili na kukatwa bapa kwenye ncha, zina kona, na kona hupatana na nguo zenye kona: koti lenye mabega, kola iliyochongoka, suruali iliyopigwa pasi ikashika mstari. Ukiziweka pamoja na gauni lenye marinda laini na mikono iliyovimba, mkono huonekana umeazimwa kwa mtu mwingine. Kucha fupi za duara zinakubali karibu kila kitu, isipokuwa zinapoteza nguvu mbele ya nguo yenye nakshi nzito, na hapo ni heri zibaki safi bila rangi kuliko kupakwa rangi inayojitahidi kushindana.

Mfano mkubwa wa urefu nilionao kichwani ni wa mwanariadha wa Marekani, Florence Griffith Joyner. Mwaka 1988 aliweka rekodi ya dunia ya mita 100, sekunde 10.49, na katika Olimpiki ya Seoul mwaka huo huo akakimbia mita 200 kwa sekunde 21.34. Alikimbia akiwa na kucha ndefu zilizopakwa rangi kadhaa, na katika mashindano ya mchujo ya mwaka huo alivaa vazi la kukimbilia lenye mguu mmoja mrefu na mwingine mtupu. Vazi la kukimbilia limetengenezwa kwa ajili ya kazi, na mtu angelitarajia lipimwe kwa kazi. Kucha zake ndizo zilizolihamisha likawa mtindo, kwa sababu hazikuwa na matumizi yoyote kwenye njia ya mbio, na kitu kisicho na matumizi mahali pa matumizi ni tamko. Bila zile kucha, vazi la mguu mmoja lingeweza kuelezwa kama jaribio la kitaalamu tu.

Urefu una gharama zake ambazo picha haizioneshi. Ukucha mrefu wenye ncha isiyopigwa msasa vizuri huikamata satini. Nimewahi kuvuta uzi mmoja wa gauni jipya nilipokuwa nalivaa kwa mara ya kwanza. Uzi ulitoka kama nywele, ukaacha mstari uliokunjamana kutoka nyonga hadi karibu na goti, na hakuna pasi iliyouondoa. Lesi na vitambaa vya kufuma ni vibaya zaidi. Vifungo vidogo vya mgongoni havifungiki kwa mtu mwenye kucha ndefu asiye na msaidizi, na mkufu wenye ndoano ndogo humtoa jasho. Mtu anayepigana na kifungo chake mbele za watu hafanani na mtu aliyevaa vizuri, hata kama kila kitu alichovaa ni kizuri kikiwa peke yake. Siku hizi nikiwa na kucha ndefu huvaa nguo laini huku nimefunika mikono kwa soksi safi. Inachekesha, najua, lakini gauni halina kovu.

Kuhusu nakshi, vijiwe na michoro sitasema mengi. Sheria yangu ni kwamba nakshi ihesabiwe kama kitambaa chenye maua: ikiwa vazi tayari lina maua, kucha ziwe tupu, ikiwa vazi ni la rangi moja, kucha zinaweza kubeba hadithi. Kuna waliozifanya kucha ziwe ndizo vazi, na nguo zikawa fremu yake tu. Mtaalamu wa kucha Bernadette Thompson alipokata noti halisi za dola na kuziweka kwenye kucha za mwanamuziki Lil' Kim, hakuna aliyeuliza tena amevaa nini. Nadhani ndiyo sababu hata Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, lilipoandaa mwaka 2017 maonyesho ya vitu 111 vilivyoathiri namna tunavyovaa, halikuziacha kucha nje ya orodha.

Kucha za miguu nazo nazipitia haraka: hazionekani mpaka kiatu kiwe wazi, zinakaa mbali na jicho, na zikiwa safi zinasamehewa rangi yoyote.

Ninakoelekea ni kwenye jambo ambalo mashauri mengi ya mitindo hulikwepa, nalo ni muda. Mashauri hayo huuliza: gauni hili lipakiwe kucha gani? Swali hilo linadhani kwamba kucha na gauni vina umri mmoja, na sivyo. Gauni huvaliwa jioni moja na kurudi kabatini. Rangi ya kawaida hukaa siku chache kabla ya kuanza kubanduka, na rangi ya jeli iliyokaushwa kwa taa hukaa wiki mbili hadi tatu. Katika muda huo mtu hubadilisha mavazi mara kumi na tano au ishirini: ya kazini, ya nyumbani, ya msibani, ya mwaliko. Kucha zilizochaguliwa kwa ajili ya gauni moja zitaingia kwenye mavazi mengine yote bila kualikwa. Wakati huo huo ukucha wenyewe haungoji. Hukua kwa takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki tatu kunakuwa na pengo la kama milimita 2 kati ya ngozi na rangi, na pengo hilo huonekana zaidi kadiri rangi inavyokolea. Kucha za damu ya mzee zilizopendeza Jumamosi ya kwanza zina ukingo mweupe kufikia Jumamosi ya tatu, hata kama hakuna hata moja iliyobanduka.

Mtu aliyelitatua tatizo hilo kwa akili zaidi hakuwa mtu wa mavazi. Katikati ya miaka ya 1970, Jeff Pink, mwanzilishi wa kampuni ya Orly, alikuwa akihudumia waigizaji wa Hollywood ambao walibadilisha mavazi mara nyingi kwa siku moja ya kurekodi, na kila vazi jipya lilidai rangi mpya ya kucha, jambo lililokula saa nyingi za kazi. Alibuni mtindo wa waridi iliyofifia au rangi ya maziwa juu ya ukucha wote, pamoja na mstari mweupe kwenye ncha, ambao ungepatana na vazi lolote. Baadaye mtindo huo ulifika kwenye majukwaa ya Paris na ukajulikana kama mtindo wa Kifaransa (French manicure) ingawa ulizaliwa California. Watu huucheka kwamba umepitwa na wakati, kisha hurudi tena. Mimi nauheshimu kwa sababu ulijibu swali lililo sahihi: kucha gani zitapatana na mavazi yote nitakayovaa kabla sijazibadilisha. Tena ukuaji hauuaibishi sana, kwani pengo linalojitokeza chini lina rangi inayokaribiana na ile iliyopakwa.

Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, ambaye makoti yake yalikuwa na rangi za kuonekana kutoka upande wa pili wa uwanja, anajulikana kuwa alitumia kwa miongo kadhaa rangi moja tu ya waridi iliyofifia mno. Makoti yalibadilika, kofia zilibadilika, kucha hazikubadilika. Najua si kila mtu ana sababu za kifalme za kutulia, lakini namna ile ya kufikiri inafaa kabati lolote. Nilipoyapanga mavazi yangu kitandani siku moja na kuyatazama kwa pamoja, niliona kwamba mengi ni ya kijani, buluu iliyokolea, nyeusi na kahawia. Nilikuwa nimeishi miaka nikipaka nyekundu kali kwa sababu kila moja ya mavazi hayo, likisimama peke yake, linaonekana zuri likiwa na kucha nyekundu. Mara ya kwanza kuzitazama nguo kama kundi, niliona kwamba damu ya mzee inazifaa karibu zote, na kwamba kwa wiki ambazo sina nafasi ya kutunza kucha, hakuna rangi inayonifaa kuliko kutokuwa na rangi.

Hilo la mwisho lilinichukua muda kulikubali. Nilidhani kucha tupu ni kucha zilizosahaulika. Kumbe kilichonisaliti kwenye picha ile ya satini hakikuwa utupu, kilikuwa nusu: rangi iliyokuwapo na sasa haipo yote. Kucha zilizokatwa urefu mmoja, zikapigwa msasa, zikapakwa mafuta kwenye ngozi inayozizunguka, husema kwamba zimetunzwa. Jicho linatafuta usawa wa vidole vyote kumi kabla ya kutafuta rangi. Tisa zikiwa ndefu na moja imevunjika, ile moja ndiyo itakayoonekana, na dawa yake ni kuzifupisha zile tisa, hata kama moyo unakataa.

Najua pia kwamba katika hukumu hizi kuna uonevu. Mtu anayefua, anayelima, anayechomelea vyuma au anayekanda udongo hawezi kuwa na mikono ya mtu anayeshinda akiandika, na kwa karne nyingi kucha ndefu zilikuwa tangazo la kwamba wengine wanakufanyia kazi. Tunapozisoma kucha kama kipimo cha unadhifu, mara nyingi tunasoma ratiba ya mtu na mfuko wake. Mwanamume anayepaka kucha naye bado husomwa kwa wingi kuliko alichokusudia kuandika, ingawa macho yanaanza kuzoea. Sijaacha kuzitazama kucha za watu kwa sababu hiyo, ningekuwa mwongo nikisema hivyo, lakini nimejifunza kutofika haraka kwenye swali la mdogo wangu.

Jumamosi hii nina mwaliko. Gauni ni la rangi ya haradali, kitambaa kizito, mikono inaishia kwenye kiwiko, kwa hiyo hakuna pa kuificha mikono. Kucha zangu ni za damu ya mzee na zitakuwa na siku tano. Leo asubuhi nilipokuwa nafungua kopo nilikwangua kidole gumba cha kushoto, na kwenye kona yake kuna alama ndogo, ndogo kuliko punje ya mchele. Nimeitazama chini ya taa na dirishani. Nitaipiga msasa, nitaipaka tone moja la rangi, na glasi nitaishika kwa mkono wa kulia.